Gari Lililofanyiwa Marekebisho Limefutwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Fidia ya Bima

Maswali haya nimeulizwa tena na tena na watu waliopoteza magari waliyoyajenga kwa mikono yao, wengine wakiwa bado na plasta mkononi. Wengi walikuwa na haki ya kulipwa zaidi ya walichopewa, ila hawakujua waonyeshe nini, na wamwonyeshe nani. Majibu yanaanzia kwenye msingi na kuishia kwenye mazingira ya pekee. Mkataba wako ndio wenye neno la mwisho, kwa hiyo uwe nao mkononi unaposoma.

## Mambo ya msingi

1. Kampuni ya bima inaposema gari "limefutwa", inamaanisha nini?

Inamaanisha kwamba kulitengeneza hakulipi. Gari laweza kuwa bado linawaka na hata kutembea. Mara nyingi kinachopimwa ni hesabu: gharama ya matengenezo, ukijumlisha bei ambayo mabaki yangeuzwa, ikizidi thamani ya gari kabla ya ajali, gari linahesabiwa kuwa hasara kamili. Tuseme thamani ni 100, matengenezo 70, na mabaki yanaweza kuuzwa kwa 35. Jumla ni 105. Limefutwa. Kwingine sheria inaweka kiwango: Marekani kila jimbo lina utaratibu wake, na Texas kiwango ni 100% ya thamani, wakati majimbo mengine yanatumia asilimia ya chini ya hapo.

Kwa gari lililofanyiwa marekebisho, hesabu hii ina mtego ambao watu wengi hawauoni. Mkadiriaji hasara akilichukulia gari lako kama lilivyotoka kiwandani, thamani inashuka. Wakati huohuo vifaa vyako vya bei kubwa vinapandisha gharama ya matengenezo, na vinapandisha pia bei ya mabaki. Kila upande unalisukuma gari lifutwe. Kwa hiyo kabla hujabishana juu ya fidia, omba kwa maandishi hizo namba tatu: thamani, matengenezo, mabaki. Nimeona gari likiondolewa kwenye kundi la kufutwa kwa sababu tu mwenyewe alithibitisha thamani halisi, na namba mbili nyingine hazikuguswa.

2. Nina risiti za kila nilichotumia. Je, nitarudishiwa zote?

Hapana, na ni afadhali ulijue hili mapema. Bima ya hasara inakurudisha pale ulipokuwa muda mfupi kabla ya ajali, si zaidi. Kanuni hiyo ni ya zamani. Mahakama ya rufaa ya Uingereza iliieleza mwaka 1883 katika kesi ya Castellain dhidi ya Preston, iliyohusu nyumba iliyoungua, kwamba mwenye bima afidiwe kikamilifu lakini asifidiwe kamwe kupita hasara yake. Ulichokipoteza siku ya ajali ni gari lenye bei fulani sokoni, na fedha uliyotumia kulijenga ni kitu kingine.

Ila usikubali kanuni hiyo igeuzwe kuwa "marekebisho hayana thamani". Soko la kuangaliwa ni soko la magari kama lako. Mtu anayetafuta gari lenye injini iliyosukwa upya na turbo kubwa halitafuti kwenye orodha ya magari ya kawaida, na bei anayokubali kulipa haifanani na ya huko. Risiti zinathibitisha kwamba vifaa vilikuwepo na ni vya ubora gani. Bei inathibitishwa na soko (tazama swali la 13).

3. "Thamani ya sokoni" na "thamani ya makubaliano" zinatofautianaje?

Kwenye thamani ya sokoni, bei inatafutwa baada ya ajali. Kwenye thamani ya makubaliano, wewe na kampuni mlishakubaliana namba kabla, mara nyingi kwa picha na ripoti ya mthamini, na gari likifutwa mnalipana namba hiyo. Utaratibu huu ni wa kawaida sana kwenye bima ya meli; sheria ya Uingereza ya bima ya baharini ya mwaka 1906 inautambua waziwazi. Kwa gari lililobadilishwa sana hakuna kinga inayouzidi.

Kuna cha tatu kinachowachanganya watu: "thamani iliyotajwa". Unaandika namba, unalipa ada kulingana nayo, halafu mkataba unasema utalipwa namba hiyo au thamani ya sokoni, yoyote iliyo ndogo. Hapo namba yako ni dari tu. Soma sentensi yenyewe; usitegemee jina lililo juu ya ukurasa.

4. Niliandika thamani ndogo ili ada ipungue. Nini kitatokea?

Gari likifutwa, hutapita kiasi ulichokatia bima. Kama hasara ni ya sehemu tu, mikataba mingi ina kanuni ya wastani: gari la 100 ulilolikatia bima ya 60, ukipata hasara ya 40, unalipwa 60% ya hasara, yaani 24.

5. Nina bima ya mtu wa tatu peke yake.

Bima hiyo inamlipa uliyemgonga. Gari lako halimo. Lakini kama kosa ni la mwingine, nenda swali la 17.

## Marekebisho yasiyojulikana

6. Sikuiambia kampuni kwamba nimebadilisha gari. Je, nimepoteza kila kitu?

Inategemea nchi, na inategemea uliulizwa nini. Tangu kesi ya Carter dhidi ya Boehm ya mwaka 1766, sheria za Kiingereza na zile zilizochota kwake zilimtaka mwenye bima aseme mwenyewe kila jambo zito, hata asipoulizwa. Sehemu nyingine mambo yako hivyo mpaka leo. Uingereza yenyewe ilibadilisha kwa watu binafsi kupitia sheria ya mwaka 2012: kazi yako ni kujibu maswali unayoulizwa kwa uangalifu unaotarajiwa wa mtu wa kawaida. Ukikosea kwa uzembe bila kudanganya, na kampuni ingekubali kukukatia bima kwa ada kubwa zaidi, dai lako linapunguzwa kwa uwiano. Ulilipa 60 ilhali ilipaswa 80? Unalipwa robo tatu.

Kwa hiyo kabla hujakata tamaa, omba nakala ya fomu uliyojaza. Angalia swali lenyewe lilivyoandikwa. Kama liliuliza kuhusu injini peke yake, rimu na siti hazimo kwenye kosa lako. Jambo moja tu ninakusihi: usijaribu kuficha sasa. Kosa la kusahau linaweza kuzungumzwa, lakini uongo kwenye fomu ya madai unaweza kukunyima hata kile ambacho hakikuwa na ubishi.

7. Nilimwambia wakala kwa mdomo.

Tafuta alama yoyote ya mazungumzo hayo: ujumbe wa simu, picha ulizomtumia, barua pepe, tarehe aliyokuja kulikagua gari. Kisha uliza wakala huyo alikuwa anafanya kazi kwa niaba ya nani. Wakala wa kampuni akipokea taarifa, mara nyingi kampuni inahesabiwa imeipokea. Dalali aliyekuwa anakutafutia bima wewe, kwa kawaida anahesabiwa ni mtu wako. Hapo kosa la kutofikisha taarifa linaweza kuwa dai dhidi yake yeye.

8. Gari nililinunua likiwa limeshabadilishwa. Mengine sikuyajua.

Huwezi kulaumiwa kwa kutotaja kitu usichokijua na ambacho usingeweza kukijua kwa kuangalia. Kompyuta ya injini iliyoprogramiwa upya haionekani kwa macho. Turbo chini ya boneti na bomba la moshi lenye upana wa bakuli vinaonekana. Tafuta tangazo ulilonunulia. Ni ushahidi wa ulichoambiwa, na pia wa bei.

## Kukusanya ushahidi

9. Gari liko yadi ya kampuni. Nianze na nini?

Nenda ukalione, leo kama inawezekana. Magari yaliyofutwa huhamishwa haraka, na vifaa hupotea. Nenda na tochi, simu yenye chaji, na orodha uliyoiandika nyumbani kwa utulivu.

Nikueleze nilichofanya mimi. Ripoti ya mkadiriaji wangu ilikuwa na picha nne, moja kila pembe, boneti ikiwa imefungwa. Rimu zangu za kufuliwa (zilizogongwa kwa mashine, si za kumiminwa kwenye kalibu) ziliandikwa "rimu za alumini". Shokapu za kurekebishika, breki za mbele zenye pistoni sita, siti mbili za mashindano: vyote vilibanwa kwenye mstari mmoja ulioandikwa "mengineyo". Nikarudi yadi, nikalala chali kwenye changarawe, nikapiga picha namba iliyochorwa kwenye mwili wa kila shokapu. Nikaipiga picha namba ya turbo kupitia upenyo ambao ajali yenyewe iliufungua. Nikang'arisha kwa kitambaa tarehe iliyogongwa nyuma ya rimu. Picha 61, na pembeni ya kila moja nikaandika kifaa ni nini na risiti yake ni ipi. Mkadiriaji wa pili hakuwa na pa kuandika "mengineyo".

Fanya hivyohivyo. Piga kwa mbali ili ionekane ni gari lako, halafu kwa karibu ili namba isomeke. Piga pia vilivyosalimika: ndani ya milango, zulia, upande ambao haukuguswa. Hali nzuri ya gari nayo ni fedha, na upande mzima ndio unaoionyesha.

10. Naweza kuvua vifaa vyangu kabla ya kulipwa?

Usiguse kitu bila ruhusa ya maandishi. Gari ni ushahidi, na mabaki yake yameshaingia kwenye hesabu ya kampuni. Ukivua rimu usiku, hata ziwe zako kabisa, umewapa sababu ya kukutilia shaka kwenye mambo mengine yote.

Omba kwa hoja hii, ambayo ina nguvu: kama kampuni inalipia kifaa, kifaa ni chake, kama inakataa kukilipia, haina sababu ya kukichukua. "Ama mnilipe kwa shokapu hizi, ama mniruhusu nizivue na kurudisha za kiwandani." Watu waliotunza vifaa vya asili wana nafasi kubwa hapa. Ruhusa ikitoka, itaje kila kifaa na ni kiasi gani kitapunguzwa kwenye malipo.

11. Sina risiti. Nimefanya kazi miaka mingi na karatasi zimepotea.

Risiti ni ushahidi mmoja kati ya mingi. Taarifa ya benki inaonyesha tarehe na aliyelipwa. Maduka ya mtandaoni hutunza oda za miaka ya nyuma. Fundi anaweza kuandika barua yenye jina la gereji, namba ya gari, kazi aliyoifanya na mwaka. Karatasi ya mashine ya kupima nguvu za injini inathibitisha matokeo ya kazi nzima kwa ukurasa mmoja. Na picha za zamani kwenye simu yako zina tarehe ndani yake; usizipitishe kwenye programu zinazofuta taarifa hizo, tuma faili lenyewe.

12. Na kazi niliyoifanya mwenyewe?

Saa zako haziingii kwenye hesabu kama ankara, kwa sababu hukumlipa mtu. Zinaingia kupitia thamani ya gari: mnunuzi hulipia injini iliyofungwa vizuri bila kujali nani aliifunga, ilimradi kuna picha za hatua na vipimo. Hapa daftari la mwenye gari lina uzito. Ulipoandika nafasi iliyopo kati ya pistoni na silinda kwa mkono wako, ulikuwa unatengeneza ushahidi.

## Ofa na mabishano

13. Ofa ni ndogo mno. Nijibu vipi?

Usijibu kwa hasira, na usijibu kwa simu. Omba ripoti kamili ya uthamini: walilinganisha na magari gani, ya mwaka gani, yenye kilomita ngapi, na walifanya makato gani. Wana namba; wao ndio waonyeshe ilikotoka. Mara nyingi utakuta makosa ya wazi: toleo la chini la gari, kilomita zisizo sahihi, au magari ya kulinganisha yaliyo mbali mno na lako.

Kisha tafuta ya kwako. Tatizo linalosemwa siku zote ni "gari langu ni la peke yake duniani". Si lazima upate pacha wake. Tafuta magari ya aina na mwaka huo yaliyofanyiwa marekebisho makubwa, matatu au manne yanatosha, na ueleze kila moja linazidi au linapungukiwa na lako kwa nini. Bei ya mauzo yaliyokamilika, kama ya mnada, ina uzito kuliko bei ya tangazo, kwa kuwa tangazo ni matumaini ya muuzaji. Hifadhi ukurasa mzima na tarehe, maana matangazo hufutwa. Weka na gari moja au mawili ya kawaida, ili tofauti ya bei ionekane yenyewe.

Barua yako iwe na namba moja unayoidai, jinsi ulivyoipata, viambatisho vyenye namba, na tarehe unayotarajia kujibiwa. Kurasa mbili zinatosha.

14. Je, marekebisho yote yanaongeza thamani?

La. Na ukiyadai yote kwa pamoja unaharibu dai zima. Breki bora, injini iliyosukwa na fundi anayejulikana, vifaa vya kampuni inayoheshimika na wapenzi wa gari hilo: haya wanunuzi huyalipia. Rangi ya ajabu, spika zilizokula buti lote, gari lililoshushwa hadi halipiti tuta: haya hupunguza wanunuzi, na mthamini mwaminifu atakuambia hivyo. Marekebisho yasiyoruhusiwa barabarani ni magumu zaidi, na mikataba mingine huyatoa kabisa.

Angalia pia kama mkataba una kikomo cha vifaa vya nyongeza. Marekani, kwa mfano, vifaa vya namna hii mara nyingi huhitaji nyongeza maalumu ya mkataba, na pasipo hiyo kiasi kinacholipwa huwa kidogo.

15. Kuna faida kumlipa mthamini wa kujitegemea?

Kwa gari la kawaida, si mara zote. Kwa gari lililobadilishwa sana, ndiyo, kama anaifahamu aina hiyo ya magari. Muulize ameshathamini mangapi ya aina yako kabla ya kumlipa. Akikukadiria namba kabla hajaona gari wala karatasi, tafuta mwingine.

Soma kama mkataba una kifungu cha uthamini, ambacho ni cha kawaida kwenye mikataba ya Marekani ingawa si yote. Kila upande unateua mthamini wake. Wasipokubaliana, msuluhishi aliyeteuliwa nao anaamua, na kwa kawaida maoni ya wawili kati ya watatu yanafunga pande zote. Unamlipa wako, na ya msuluhishi mnagawana. Kifungu hiki kinaamua bei tu. Kama ubishi ni iwapo dai linalipika, hakikusaidii.

16. Wananitaka nisaini hati ili walipe haraka. Nina shida ya fedha.

Soma kama hati inasema malipo ni ya mwisho na kwamba huna dai jingine. Ikisema hivyo, ukisaini umemaliza. Omba kwa maandishi walipe kiasi ambacho hakina ubishi huku tofauti ikiendelea kujadiliwa. Kampuni nyingi hukubali, ila hawalitangazi, lazima uombe. Usisaini "kwa muda".

## Mazingira ya pekee

17. Kosa ni la dereva mwingine. Nidai kwake au kwangu?

Kudai kwenye bima yako huwa haraka, lakini unafungwa na vikomo vya mkataba wako na unajibebea kile kiasi cha kwanza ambacho bima hailipi. Kudai kwa aliyekugonga huchukua muda, lakini hasara yako inapimwa kwa sheria ya madhara, ile inayomtaka aliyekosea akulipe hasara aliyokusababishia; kikomo chako cha vifaa hakikuhusu, ingawa bima yake nayo inaweza kuwa na dari. Ushahidi ni uleule wa maswali ya 9 hadi 13. Kama vifaa vyako vimeachwa nje na mkataba wako, njia hii ndiyo ya kuifikiria kwanza.

18. Gari lina mkopo.

Anayekudai hulipwa kwanza, wewe unapata kinachobaki. Thamani ikikadiriwa chini, unaweza kubaki unadaiwa gari ambalo huna tena. Mjulishe mkopeshaji mapema. Naye ana sababu ya kutaka thamani iwe sahihi.

19. Nataka kubaki na mabaki yenyewe.

Inawezekana mara nyingi: bei ya mabaki inakatwa kwenye malipo. Kwa aliye na injini nzima na giaboksi nzuri, hili laweza kuwa suluhisho bora kuliko kubishania kila kifaa. Uliza kwanza namba ya mabaki ilitoka wapi. Kampuni isiyolipia vifaa vyako haiwezi kuvihesabu kwenye bei ya mabaki. Kama imevihesabu, imekiri vina thamani, na barua yako ya swali la 13 imepata hoja mpya.

Uliza pia gari litasajiliwaje. Uingereza, tangu Oktoba 2017, mabaki huwekwa madaraja ya A, B, S na N: A linasagwa lote, B vifaa vinaweza kutolewa lakini bodi hairudi barabarani, S lina uharibifu wa muundo, N halina. Ukipanga kulijenga upya, daraja ni jambo la kujua kabla ya kusaini.

20. Namba ya injini haifanani na ya kadi ya usajili.

Injini ilibadilishwa na usajili haukusasishwa. Kampuni itasimamisha dai mpaka ijue injini ilitoka wapi. Leta ankara ya injini, karatasi za gari ilikotoka, na barua ya fundi aliyeifunga. Lipeleke jambo hili wewe mwenyewe kabla hawajaligundua.

21. Ajali ilitokea kwenye uwanja wa mbio.

Mikataba mingi ya kawaida inatoa nje mashindano na majaribio ya mwendo. Soma maneno: mengine yanataja mashindano tu, mengine yanataja matumizi yoyote ndani ya uwanja, hata mafunzo ya udereva. Tofauti hiyo imeokoa madai kadhaa.

22. Wamekataa kabisa. Niende wapi?

Peleka kwanza malalamiko rasmi ndani ya kampuni na udai barua ya uamuzi wa mwisho yenye sababu. Nchi nyingi zina mdhibiti wa bima au msuluhishi wa malalamiko asiyemtoza mlalamikaji. Uingereza, kwa mfano, ni Financial Ombudsman Service, na kwa kawaida una miezi sita tangu barua hiyo. Tarehe ya barua ndiyo inayohesabiwa, kwa hiyo iandike juu ya bahasha siku unayoipokea. Mahakama ina ukomo wake tofauti, na mazungumzo na kampuni kwa kawaida hayausimamishi.